Jani la Tatu

Mgeni alikuwa ameshaketi juu ya gunia kabla Kidawa hajasikia hatua zake. Baadaye, kila alipojaribu kukumbuka, hakuweza kusema kama mlango ulifunguliwa au haukufunguliwa, maana chumba cha kusuuzia kilikuwa na mlango mmoja tu, nao ulikuwa wa ngazi, na ngazi zilikwenda juu, na huko juu hakukuwa na mtu wa kuja kumtembelea msuuzaji. Lakini huyo hapo, mwanamume mwenye matope mpaka magotini, anajikwangua kisigino kwa kisu cha kukatia majani, ametulia kama yuko barazani kwao.

"Hujambo, Kidawa," alisema.

Mikono ya Kidawa ilisimama ndani ya beseni. Ndani ya Jumba watu waliitwa kwa kazi zao, na kazi yake ilikuwa kusuuza, basi yeye alikuwa Msuuzaji. Jina lile jingine alikuwa ameliweka mahali fulani, kama mtu anavyoweka ufunguo wa nyumba aliyokwisha kuhama, na hakutegemea kuna mtu angelipata.

"Sijambo. Nani kakuruhusu kuingia?"

"Gunia. Nimeingia na gunia langu. Mimi ndiye Shaame, ninayekata kuvumwani hii huko kinamasini. Miaka yote natuma mzigo, hata salamu sijapata. Nikasema safari hii nitaupeleka mwenyewe, nione mnaifanyia nini." Alichungulia beseni. "Kumbe mnaiosha kama maiti."

Kidawa hakucheka. Alikuwa amesahau kwamba kazi yake inaweza kuchekwa, na jambo hilo lilimkasirisha, kisha likamwaibisha, kisha, kwa mbali sana, likampendeza.

Ni lazima Jumba lielezwe, ingawa halistahili. Lilikuwa na paa la vioo na lilijengwa kwa ajili ya Walaji. Walaji walikuwa mimea. Wengine walikuwa na mitungi yenye vifuniko, ndani mna maji matamu ya kuzamishia nzi. Wengine walikuwa na vinywa vyenye meno ya miiba. Wengine walikuwa na vijani vya nywele nyekundu, kila unywele na tone lake la gundi linalong'aa kama lulu ya bandia. Watu walikuja kutoka pande zote kuwatazama wakila. Walisema, tazama nguvu! Walisema, tazama akili! Hakuna aliyeuliza kwa nini viumbe wenye nguvu kiasi hicho hawawezi kuota mahali pazuri. Mpe Mlaji udongo wenye rutuba, atakufa. Mpe mbolea, atakufa. Mpe maji ya kisima, yenye chumvichumvi zake za kawaida ambazo mchicha hunywa ukashukuru, atakufa kwa madaha, jani moja baada ya jingine. Mlaji anahitaji umaskini chini yake ili awe na fahari juu. Ndiyo maana walimletea kuvumwani, ule mmea wa kinamasini ulio laini kama sponji, usio na shibe yoyote, na ndiyo maana waliweka mtu chini ya ngazi wa kuusuuza kwa maji ya mvua mpaka hata kumbukumbu ya chakula itoke ndani yake. Kidawa alikuwa mtu huyo. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba chini hakuna kitu.

Na saa za Jumba nazo zilikuwa za Walaji. Katikati ya ukumbi wa juu alisimama mkubwa wao, jina lake Kinywa, na siku haikwisha mpaka Kinywa kifumbe. Kikifumba, wote waliomo Jumbani walinyanyua mikono, wakaonyesha viganja, wakapiga makofi mara tatu, na hapo ndipo kesho ilipoanza. Asiyepiga makofi hakuvuka. Alibaki katika siku ile ile, peke yake, na wengine wakamsahau jinsi mtu anavyosahau Jumanne moja kati ya Jumanne nyingi. Kinywa kikiwa na tumbo lililojaa, siku ilivutika. Hii ya leo ilikuwa na mvua kumi na moja ndani yake na bado mchana ulikuwa mweupe. Watu wakubwa kabisa, wenye ndevu, waliiona hali hiyo ni ya kawaida. Walisema, ndivyo wakati ulivyo.

"Kuna kitu kimeota," Kidawa alisema, na alishangaa kwamba anamwambia mgeni. Alimwonyesha chungu kidogo dirishani. Katika kuvumwani iliyosuuzwa, iliyotakaswa, isiyokuwa na kitu, palikuwa na miche saba. Hakuna aliyeipanda. Kila mmoja ulikuwa na majani mawili ya mviringo, madogo kama punje za ufuta.

Shaame alipiga magoti. Alipoingia alikuwa na mvi. Sasa, akiitazama miche, nywele zake zilikuwa nyeusi. Kidawa aliliona hilo akaliacha lipite, kwa kuwa alikwisha kuona mambo ya ajabu zaidi yakipigiwa makofi.

"Mtaifanya nini?"

"Itapewa mtihani. Mwangalizi anakuja na nzi. Anauwekea kila mche nzi mmoja juu ya jani. Ukimshika, ni Mlaji, unapelekwa juu. Usipomshika, ni gugu."

"Mche wa majani mawili?"

"Ndiyo."

"Na imeshatokea mche ukamshika?"

Kidawa alifikiri. "Haijatokea."

Shaame alicheka mpaka gunia likatikisika. Hakikuwa kicheko cha furaha. Kilikuwa kama mtu anatema kitu kichungu. "Dada yangu! Mtoto anatoka tumboni, mnamtia mguu wa ng'ombe mdomoni, mkiona hatafuni mnasema huyu si mtu, mtupeni! Hayo majani mawili ni ya mbegu. Kila kitu kinachoota hutoka nayo, mchicha unayo, mwiba unayo. Hayashiki, hayali, hayajui lolote. Anayesema mche ni nani ni jani la tatu."

"Kwa hiyo hawa ni Walaji?"

"Sijui. Kwetu kinamasini yanaota mambo elfu. Huenda ni Walaji. Huenda ni jani la kukalia vyura. Mimi nikikata, mbegu zinaingia guniani bila kuniomba ruhusa. Ndiyo maana nakwambia lisubiriwe la tatu."

Kidawa aliitazama miche na moyo wake ukafanya ujinga ambao mioyo ya watu wema huufanya: ulitumaini. Ulitumaini kwamba ni vitu vipole. Kwamba kati ya Jumba lote lenye meno palikuwa pameota kitu kisichotaka kumla mtu, kitu cha kuwa kijani tu, na kwamba kingekua, na wale wa juu wangekiona, na wangeona haya. Aliyaona yote hayo katika majani mawili yenye ukubwa wa ufuta.

"Mmoja tu," alisema Shaame. "Siwezi kukuomba saba. Usiuache mmoja ung'olewe mpaka jani lake la tatu lifunguke. Likifunguka, umemaliza, fanya upendalo."

"Kwa nini mimi?"

"Kwani humu kuna mwingine aliyeitika jina lake?"

Hapo ndipo alipoahidi. Hakuapa wala hakuinua kidole. Alisema, "Haya," kama mtu anayekubali kumshikia mwenzake mzigo wakati anafunga kamba ya kiatu. Kisha akachota mche mmoja pamoja na kuvumwani yake, akaulaza katika kiganja cha kulia. Viganja vyake vilikuwa vimekunjika kwa miaka ya maji ya mvua. Vilikuwa na mifereji, na mabonde, na sehemu zisizokauka. Vyungu vyote vilikuwa vikikaguliwa, rafu zote, mifuko ya nguo pia. Lakini mikono ya msuuzaji, nani angeitazama?

*

Ee, mtihani. Je, ni nani aliyeubuni? Lazima alikuwa mtu aliyeshiba. Mwenye njaa asingeweza kubuni kitu cha namna ile. Wanauliza mche una uzoefu gani wa kula. Mche unasema, nimeota leo. Wanasema, sawa, lakini uzoefu? Mche unasema, nipeni mwanga nitakuwa nao. Wanasema, mwanga ni wa wenye uzoefu. Wanaandika: haukufaa. Wanang'oa, wanapangusa mikono, wanakwenda kunywa chai, na kwenye chai wanalalamika kwamba siku hizi hapaoti kitu.

*

Mwangalizi alishuka ngazi amevaa glovu nyeupe, koleo dogo mkononi. Nyuma yake alikuja mwanamke mkamata nzi, ambaye Jumba zima lilimwita Bi Nzi usoni pake, naye alikuwa ameacha kuudhika tangu zamani. Alibeba sahani. Kidawa aligeuka kumtazama Shaame na hakumkuta. Gunia lilikuwa na bonde dogo juu yake, kama mto ambao kichwa kimeondoka.

"Msuuzaji," alisema Mwangalizi, bila kumtazama, "una bahati. Mlishaji wa ukumbi wa juu macho yamekwisha. Anamlisha Mlaji mmoja mara tatu, wengine wanalala njaa. Kesho utapanda. Utakaa naye akufundishe, kisha utachukua nafasi yake."

Kidawa alishika ukingo wa beseni kwa mkono wa kushoto. Mlishaji alikuwa mama yake. Waliingia Jumbani pamoja, mama akapelekwa juu, yeye akashushwa chini, na siku aliyopaza sauti kwenye ngazi akaita "Mama!" alijibiwa na Mwangalizi huyu huyu: hapa hakuna mama, hapa kuna Mlishaji. Tangu hapo alimjua kwa nyayo zake tu, zikipita juu ya dari, polepole, na kila siku polepole zaidi. Kesho angekaa naye. Angemwambia, huyu umeshampa, mama, mpe yule.

"Nashukuru, Bwana," alisema.

"Usishukuru. Ni kwa sababu hakuna mwingine." Aliinamia chungu. "Hii nini? Tena? Kila unaposuuza panaota takataka."

Aliweka nzi mmoja juu ya mche wa kwanza, akasubiri pumzi saba. Nzi alikuwa mkubwa kuliko mche. Mche uliinama ukalala. "Gugu," alisema, akaung'oa kwa koleo, akautupa katika ndoo ya maji ya kupigia deki, yaliyotoka kisimani. Wa pili. "Gugu." Wa tatu ulivunjika chini ya nzi kabla ya pumzi ya nne. Mwangalizi alionekana kufurahia hilo kidogo, kama mtu aliyepunguziwa kazi.

"Bi Nzi, si ulisema ni saba?"

Bi Nzi alitazama sahani, akatazama mkono wa kulia wa Kidawa uliofumba, akatazama tena sahani. "Sita, Bwana. Macho yangu nayo, unajua."

"Jumba la vipofu," alisema Mwangalizi, akang'oa wa sita. Kisha akanyoosha mgongo, na sauti yake ikawa ya huzuni, huzuni ya kweli kabisa, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. "Walaji wetu ni tasa. Maua wanatoa, mbegu wanadondosha, lakini watoto hawana. Tutaagiza wengine kutoka mbali, watakuja na masanduku yao na matarumbeta, nao watazeeka hapa bila mrithi. Sielewi. Tunawapa kila kitu."

Alipanda ngazi akiwa haelewi.

*

Mvua ya kumi na mbili ilinyesha. Kidawa alikwenda kumwaga ndoo, na kabla hajaimwaga alichungulia. Miche sita ilikuwa inaelea. Mitano ilikuwa imekuwa myeusi. Mmoja, katika yale maji machafu ya kisimani, huku mzizi wake ukiungua, ulikuwa umefungua jani la tatu.

Lilikuwa dogo kama jicho la nzi. Lilikuwa la mviringo. Ukingoni lilikuwa na nywele nyekundu, labda tisa, na juu ya kila unywele tone.

Kidawa alilitambua. Kwa miaka alikuwa akishushiwa majani kama yale, makubwa, yaliyonyauka kwenye dirisha la mashariki kule juu, ayatupe. Huyu alikuwa wa ukoo wa yule Mlaji wa dirisha la mashariki, mbegu iliyotoka kinamasi kile kile, ndani ya gunia la Shaame. Hakuwa jani la kukalia vyura. Hakuwa mpole. Alikuwa Mlaji, na walikuwa wamemwua kwa kosa la kutokuwa Mlaji.

Akamwita Mwangalizi. Alimwita kwa nguvu, na Mwangalizi alishuka ngazi tatu tu.

"Bwana, tazama. Ni wa ukoo wa yule Mlaji wa dirisha la mashariki. Ana nywele. Mnawang'oa watoto wenu wenyewe."

Mwangalizi alitazama ndoo kutoka pale juu, kwa muda ule ule ambao mtu hutazama viatu vya mwingine. "Tope," alisema.

"Bwana, shuka utazame."

"Msuuzaji. Unataka kupanda juu kesho, au hutaki?"

Kidawa aliinamia ndoo. Mwangalizi alikuchukulia kuinama kule kuwa ndiyo, kama walivyokuwa wakikuchukulia sikuzote.

Alipobaki peke yake Kidawa aliwadharau wote, na kati ya wote alijidharau zaidi mwenyewe. Alikuwa amebeba nini kiganjani? Mlaji mwingine, bila shaka. Alikuwa amempa kitanda cha mkono wake mtu ambaye, akikua, angekaa kwenye mwanga, akatoa lulu zake za bandia, akahitaji mwanamke chini ya ngazi. Moyo uliotaka kitu kipole ulikuwa umechekwa. Angeweza kufumba ngumi na kila kitu kikaisha. Hakuna ambaye angejua. Alifungua vidole. Majani mawili. Katikati yake palikuwa na kitone cha kijani kilichokunjwa, ambacho hakikuwapo asubuhi, kama asubuhi ilikuwapo. Mzizi wake, mwembamba kuliko uzi, ulikuwa umeingia katika mkunjo wa ngozi na kushika. Huenda Mlaji. Huenda la. Mwangalizi angesema ameshajua. Wale wote wanaong'oa walikuwa watu ambao wameshajua.

*

Kengele ililia. Kinywa kilikuwa kinafumba.

Wote walisimama kwenye ngazi kwa vyeo vyao, kuanzia ukumbini mpaka chini, na Kidawa alisimama kwenye kidato cha mwisho, Bi Nzi akiwa kidato kimoja juu yake. Kwa mbali, kupitia kioo ambacho leo hakikuwa na ukungu, alimwona mama yake. Alikuwa mdogo kuliko sauti ya nyayo zake. Alikuwa ameelekeza uso upande usio wenyewe, akitafuta.

"Viganja!" aliita Mwangalizi.

Mikono ilipanda. Kidawa aliinua mmoja.

"Shoga," Bi Nzi alinong'ona bila kugeuka, "na wa pili."

"Siwezi."

"Kiweke hicho kitu chini, utakichukua baadaye."

"Umeshika mizizi kwenye ngozi. Nikiutoa, unakatika."

"Basi ukatike! Jani tu, mwenzangu! Lenyewe likikua litakula hata vidole vyako." Sauti ya Bi Nzi ilikuwa imeanza kulia. "Piga hata paja."

"Paja halihesabiki. Unajua."

"Nani kakuomba ujinga huu?"

"Mtu mmoja. Nilimwambia haya."

"Yuko wapi?"

"Ameondoka."

Bi Nzi alitaka kucheka, akashindwa. Kule juu mama yake Kidawa aligeuza kichwa na kusema, kwa sauti iliyosikika ngazi zote kwa kuwa vipofu hawajui ukubwa wa kimya, "Mwanangu yupo hapo chini? Wameniambia kesho."

Mwangalizi alikohoa. "Mlishaji, viganja."

"Nipo," alisema Kidawa. "Nipo, mama. Wewe piga."

Kinywa kilifumba, miiba ikaingiana. Makofi ya kwanza yalipigwa, na Kidawa alisikia ndani yake kofi moja lililochelewa, la mikono mikavu, akajua ni la nani. Vidole vyake vya kulia vilitaka kufunguka vyenyewe. Makofi ya pili. Aliukunja mkono juu ya mche, akauacha ule wa kushoto hewani, peke yake, kama mtu anayeaga. Makofi ya tatu hayakuisha. Yalifutika tu, kuanzia juu, kidato kwa kidato, na waliokuwa wakiyapiga wakafutika nayo. Bi Nzi alikuwa wa mwisho. Aligeuka kumtazama, na uso wake ulikuwa tayari umeanza kuuliza huyu ni nani.

Kisha ngazi zilikuwa ngazi tupu. Kesho ilikuwa imeanza mahali pengine, na humo mwanamke mzee alikuwa anangoja mtu ampokee sahani.

Kidawa aliketi kwenye kidato cha mwisho. Alifungua kiganja. Jani la tatu lilikuwa bado. Lilikuwa limeinuka kidogo, limefumba, halisemi neno. Kuvumwani ilikuwa imeanza kukauka pembeni. Akatafuta maji ya mvua kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haukuzoea, akamwaga mengi chini, akachota tena, akadondosha tone moja.